Kabla Hujasaini Fomu ya Kadi ya Mkopo, Jua Utailipaje

Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uko kwenye foleni ya supamaketi, na kijana aliyevaa fulana yenye nembo ya benki anakusogelea. "Bosi, habari ya leo? Una dakika moja tu?" Kabla hujajibu ameshafungua faili. Kadi ya mkopo ya laki moja na nusu, mwaka wa kwanza bila ada, siku 50 bila riba, na pointi kila unaponunua kitu. Anachotaka ni kitambulisho, PIN ya KRA na hati za mshahara za miezi mitatu. Kufikia wakati wako wa kulipia unga na sukari, umeshasaini.

Hatuna ubaya na huyo kijana. Anatafuta riziki kama sisi wengine, na kadi anayouza inaweza kukufaa sana. Lakini kuna jambo moja ambalo hakukuuliza, na fomu yake haina nafasi ya kulijibu: siku ya kulipa ikifika, pesa itatoka wapi?

Huenda unajiuliza kampuni ya malipo kwa simu inatafuta nini kwenye mambo ya kadi za benki. Tuseme ukweli, tuna maslahi yetu. Ukilipa kwa simu, sisi tunapata; ukilipa kwa kadi, mwingine anapata. Kwa hivyo yachuje haya tunayosema, na hesabu tutakazoweka hapa zirudie mwenyewe kwa kikokotoo cha simu yako. Tumeamua kuandika kwa sababu deni la kadi haliishii kwenye kadi. Linakufuata hadi kwenye simu.

Mteja wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alitupigia mwezi wa Januari akiwa amekasirika. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameitwa shule ya bweni, karo ilikuwa imepungua elfu kumi na mbili, na kiwango chake cha kukopa kwa simu kilikuwa kimeshuka hadi sufuri. Sacco nayo ilikuwa imemwambia angoje. Na huyu ni mtu ambaye hajawahi kuchelewesha mkopo wa simu hata siku moja.

Tulimshauri aombe ripoti yake ya CRB. Alipoipata, akakuta deni la kadi ya mkopo ambayo alikuwa ameisahau kabisa. Miaka kadhaa nyuma aliichukua ili anunue friji, akamaliza kulipa, akaikata kwa makasi na kuitupa kwenye pipa la taka. Akajua mambo yameisha. Kumbe akaunti ya kadi haifungwi kwa makasi. Ada ya mwaka iliendelea kuingia, ikafuatwa na faini ya kuchelewa, na juu ya hizo mbili ikaja riba. Benki ilikuwa ikituma ujumbe kwa laini ya zamani ambayo alishaacha kuitumia.

"Sijala hata shilingi moja ya hiyo pesa," alituambia. Ni kweli, hakuila. Lakini mtoto aliripoti shuleni wiki mbili baada ya wenzake.

Msimamo wetu basi ni huu: kadi ya mkopo ni chombo kizuri kwa mtu atakayelipa deni lote kila mwezi, na ni mkopo ghali kwa mtu mwingine yeyote. Usiichague kwa kuangalia limiti, rangi ama pointi. Ichague kwa kuangalia siku ya kulipa, na jinsi pesa inavyoingia mfukoni mwako.

Unahitaji kadi ya mkopo, ama unahitaji kadi tu?

Kwa macho kadi zote zinafanana: nambari mbele, nembo ya Visa ama Mastercard pembeni. Tofauti iko kwenye swali la pesa ni ya nani.

Kadi ya debiti inachota pesa yako iliyo kwenye akaunti ya benki. Ikiisha, imeisha.

Kadi ya kulipia kabla unaijaza kwanza ndipo uitumie, kama vile unavyonunua tokeni za stima.

Kadi ya mtandaoni haina plastiki. Nambari zake ziko ndani ya programu ya simu, na inachota kwenye salio lako la simu ama la benki.

Kadi ya mkopo inachota pesa ya benki. Kila unapoitumia umekopa, hata kama ni kikombe cha chai.

Wateja wengi wanaotuuliza kuhusu kadi ya mkopo wanataka kufanya jambo moja: kulipia kitu mtandaoni. Ni ada ya mtihani wa nje, ni ombi la viza, ni filamu za kila mwezi, ni viatu kutoka China. Kwa hayo yote kadi ya mtandaoni ama ya debiti inatosha. Hakuna haja ya kuingia kwenye mkataba wa mkopo kwa sababu ya viatu.

Kuna mahali kadi ya mkopo inashinda zote. Ukikodisha gari ama ukilipia hoteli ya safari, mara nyingi wanashikilia kiasi fulani cha pesa kama dhamana. Kwa kadi ya debiti hiyo ni pesa yako imefungwa, na unaweza kukaa siku kadhaa bila kuigusa. Kwa kadi ya mkopo inashikiliwa limiti tu. Vilevile kama unafanya kazi za mkataba na mteja hulipa baada ya siku 30, kadi inaweza kukuvusha hadi malipo yaingie. Na usiku wa dharura hospitalini, wakati bima bado inajadiliana na watu wa malipo, kadi yenye nafasi ni msaada mkubwa.

Lakini kama mapato yako huingia kidogo kidogo, leo mia tano, kesho elfu mbili, kesho kutwa hakuna, jihadhari. Kadi ya mkopo inadai pesa nyingi kwa siku moja ya mwezi. Mama mboga ama mwendesha boda mwenye chama kizuri, ama Sacco inayokubali malipo ya kila wiki, tayari ana mkopo unaofanana na maisha yake. Asiuache kwa sababu ya plastiki inayong'aa.

Siku 50 ni "hadi" siku 50

Neno linalouza kadi nyingi ni "siku 50 bila riba". Si uongo, lakini siku hizo hazianzi siku uliyonunua. Zinategemea siku ambayo benki hufunga hesabu ya kadi yako.

Tuchukulie hesabu yako hufungwa tarehe 15 kila mwezi, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Ukinunua godoro tarehe 16 Machi, litaingia kwenye hesabu ya tarehe 15 Aprili, nawe utalipa tarehe 5 Mei. Hapo umepata siku 50 kamili. Jirani yako akinunua godoro hilohilo tarehe 14 Machi, litaingia kwenye hesabu ya kesho yake, naye atalipa tarehe 5 Aprili. Amepata siku 22. Kadi ni moja, godoro ni moja.

Kwa mtu anayelipwa mshahara tarehe 28 ama 30, kulipa tarehe 5 ni sawa kabisa. Kwa mtu ambaye pesa yake huingia katikati ya mwezi, tarehe hiyohiyo ni shida kila mwezi. Hii ndiyo sababu tunasema uanze kwa kuuliza tarehe. Kuna benki ambazo hukubali kukubadilishia ukiomba, lakini hazitakuambia kama hujauliza.

Jambo lingine: mara nyingi siku hizo za bure ni za mtu aliyelipa deni lote la mwezi uliopita. Ukibakisha hata sehemu, kadi nyingi huanza kukutoza riba kwa vitu vipya tangu siku uliyovinunua. Soma masharti hapo polepole.

Ile nambari ndogo kwenye taarifa

Taarifa ya kadi inapokuja huwa na nambari mbili. Moja ni deni lote. Nyingine ni kiasi cha chini unachotakiwa kulipa ili usihesabiwe kuwa umechelewa. Macho ya binadamu hukimbilia ile ndogo, na moyo hupumua. Ati nadaiwa elfu arobaini lakini nalipa elfu nne tu? Sawa basi.

Tupige hesabu. Deni ni Sh40,000. Tuseme riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi na kiasi cha chini ni asilimia 10 ya deni. Viwango vya benki yako vinaweza kuwa tofauti, lakini njia ni ileile. Kumbuka pia kwamba riba ya kadi mara nyingi hutajwa kwa mwezi, ndiyo maana huonekana ndogo. Asilimia 3.5 kwa mwezi ni asilimia 42 kwa mwaka, kabla hata riba haijazaa riba.

Mwezi wa kwanza riba ni Sh1,400, deni linakuwa Sh41,400, nawe unalipa Sh4,140. Mwezi unaofuata deni limepungua kidogo, kwa hivyo kiasi cha chini nacho kimepungua kidogo. Unalipa kilichoandikwa. Unaendelea hivyo mwaka mzima bila kununua kitu kingine chochote, na bila kuchelewa hata mara moja. Mwisho wa mwaka umelipa karibu Sh34,600. Kati ya hizo, karibu Sh11,700 ni riba. Na bado unadaiwa kama Sh17,000.

Mwaka mzima wa nidhamu, na deni liko karibu nusu.

Sasa badilisha jambo moja tu. Mwezi wa kwanza umelipa Sh4,140. Mwezi wa pili taarifa inakuambia ulipe pungufu ya hapo, wewe unakataa. Unalipa Sh4,140 zilezile. Wa tatu vilevile. Kufikia malipo ya kumi na mbili, deni limeisha. Riba yote uliyolipa ni karibu Sh9,700.

Kumbe tofauti ya kumaliza deni kwa mwaka mmoja na kubaki nalo si kutafuta pesa nyingi zaidi ya ulizolipa mwezi wa kwanza. Ni kukataa kufuata nambari inayoshuka. Kama hutakumbuka kingine chochote kwenye makala haya, kumbuka hilo: ukishindwa kulipa lote, weka kiasi chako mwenyewe na usikishushe hadi deni liishe. Na kadi yenyewe iache nyumbani.

Usiifanye kadi ya mkopo kuwa ATM

Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni jambo tofauti na kununua. Kwa kawaida kuna ada ya kutoa, na zile siku za bila riba hazihusiki. Riba huanza siku hiyohiyo. Tuseme ada ni asilimia 5 na riba ni ileile ya asilimia 3.5. Ukitoa Sh10,000 na kuirudisha baada ya mwezi, umelipa Sh500 za ada na Sh350 za riba. Hiyo ni Sh850 kwa kukaa na elfu kumi mwezi mmoja.

Wateja wetu wengine hujaribu kuhamisha pesa kutoka kadi ya mkopo hadi kwenye simu, wakidhani si kutoa kwa sababu hakuna noti iliyoonekana. Benki inaweza kuihesabu kuwa ni pesa taslimu, na ukatozwa vilevile. Uliza kwanza.

Na usije ukasema tunajipigia debe. Mkopo wa ghafla wa kwenye simu, kama Fuliza iliyoanza 2019, nao una gharama zake, na ada zake huhesabiwa kwa siku. Umetengenezwa kwa ajili ya kuvuka siku moja mbili. Ukiuacha ukae mwezi mzima nao utakula. Hakuna pesa ya wenyewe iliyo ya bure, iwe kwenye plastiki ama kwenye laini.

Maswali ya kumuuliza kijana wa benki

Usisaini siku hiyohiyo. Omba karatasi ya ada na masharti, nenda nayo nyumbani, kisha rudi na maswali haya:

1. Hesabu hufungwa tarehe ngapi, na mwisho wa kulipa ni lini? Je, naweza kubadilisha?

2. Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi? Nikilipa nusu, riba itahesabiwa kwa nusu iliyobaki ama kwa deni lote tangu siku niliponunua?

3. Baada ya mwaka wa kwanza wa bure, ada ya mwaka ni ngapi? Inaingia hata nisipoitumia kadi? Faini ya kuchelewa ni ngapi, na ya kupita limiti?

4. Kuna bima ya kadi? Ni lazima, ama naweza kuikataa?

5. Nikinunua kwa dola, mnaongeza asilimia ngapi juu ya kiwango cha kubadilisha fedha?

6. Nalipa kwa njia gani? Nikilipa kwa paybill Ijumaa jioni, pesa itaonekana kwenye kadi siku gani?

7. Nikitaka kufunga akaunti ya kadi, utaratibu ni upi?

Akikujibu "usijali, hayo ni mambo madogo," basi mjali. Kijana anayeijua bidhaa yake atakujibu, na asiyejua ataahidi kuuliza na kukupigia. Wote wawili ni wa kuaminika kuliko yule anayekuharakisha.

Kuhusu limiti, ushauri wetu utaonekana wa ajabu: omba ndogo. Chukua mshahara, toa nyumba, chakula, karo, nauli na Sacco. Kilichobaki ndicho unachoweza kulipa mwezi mmoja, na limiti yako isipite hapo sana. Kama kimebaki Sh15,000, kadi ya laki moja na nusu si heshima uliyopewa. Ni miezi kumi ya maisha yako ambayo unaweza kuitumia alasiri moja.

Na pointi je? Ni nzuri kwa anayelipa lote. Lakini hata tukisema kadi inakupa shilingi moja kwa kila mia unayotumia, Sh40,000 zitakupa Sh400. Riba ya mwezi mmoja kwa deni hilohilo ni Sh1,400. Hesabu iko wazi.

Ukishaipata

Weka maagizo ya kudumu kwenye akaunti yako ili benki ikate deni lote, si kiasi cha chini, siku mbili tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Kama unalipa mwenyewe kwa simu, lipa mapema na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Na ukibadilisha laini, benki iwe ya kwanza kujua. Yule mwalimu wetu angeokolewa na jambo hilo moja.

Soma taarifa kila mwezi hata kama hukununua kitu. Angalia hasa zile huduma za mtandaoni ulizojaribu bure kwa wiki moja ukaweka nambari za kadi. Zinajirudia zenyewe. Ukiwa nje ya nchi, ama kwenye tovuti ya nje, wakikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya ama kwa sarafu ya pale, mara nyingi ni nafuu kuchagua sarafu ya pale. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni wao, kwa bei wanayoitaka wao.

Ukiona malipo usiyoyajua, usingoje mwisho wa mwezi. Piga simu kadi ifungwe, kisha siku hiyohiyo andika barua pepe yenye tarehe, kiasi na jina lililo kwenye taarifa. Omba nambari ya malalamiko. Mitandao ya Visa na Mastercard ina utaratibu wa kurudisha pesa pale ambapo kitu hakikuletwa ama hukuidhinisha malipo, lakini una muda maalum, na anayeuanzisha ni benki yako. Simu bila maandishi ni maneno matupu, kesho utaambiwa hakuna rekodi. Benki ikikuzungusha, unaweza kupeleka malalamiko yako kwa Benki Kuu ya Kenya ukiwa na hizo barua na nambari mkononi.

Na akikupigia mtu anayejiita wa makao makuu ya benki, anataka zile nambari tatu za nyuma ya kadi ama nambari ya siri iliyotumwa kwa SMS, kata simu. Benki haihitaji umsomee mtu nambari hizo. Kisha piga wewe mwenyewe ile nambari iliyo nyuma ya kadi yako.

Mambo yakiharibika

Kukopa harusi, kulipa matanga, wazee walisema, na kazi huisha, na mtu huugua. Ukiona mwezi huu hutaweza, piga simu kabla ya tarehe, si baada. Kabla ya tarehe wewe ni mteja mwenye shida. Baada ya miezi mitatu ya kujificha wewe ni faili kwa mtu wa kukusanya madeni. Omba deni lisimamishwe kwenye kadi na ligeuzwe kuwa mkopo wa awamu kwa riba ya chini. Omba pia faini zifutwe. Wanaweza kukataa, lakini kuomba hakugharimu. Wakikubali, usilipe hata shilingi ya makubaliano mapya hadi uyaone kwa maandishi.

Jua haki zako pia. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinazuia benki kukudai riba isiyo na mwisho. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba ambayo benki inaweza kudai kuanzia hapo haiwezi kupita deni la msingi lililokuwepo wakati huo. Gharama za kukusanya deni ni kando. Ukiletewa hesabu ambayo imeruka mara tatu nne, omba maelezo ya jinsi ilivyofikiwa, tena kwa maandishi.

Kuhusu CRB, kuna woga mwingi na maneno mengi ya mtaani. CRB si orodha ya wabaya. Ni daftari la mikopo yako, mizuri na mibaya, na Benki Kuu imetoa leseni kwa kampuni tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Unayo haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Tangu 2020 deni la chini ya Sh1,000 halitakiwi kupelekwa huko kama deni baya, na benki inatakiwa kukujulisha kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Ukilipa, rekodi haifutiki siku hiyo. Hubaki kwa miaka mitano ikionyesha kuwa ulichelewa na ukamaliza. Hiyo ni bora sana kuliko kuonyesha kwamba bado unadaiwa. Ukikuta kosa kwenye ripoti, lipinge kwa maandishi kwenye CRB yenyewe.

Kufunga kadi

Turudi kwa makasi. Ukitaka kuachana na kadi, lipa deni lote na riba iliyoingia baada ya taarifa ya mwisho. Ondoa huduma zote zinazojikata zenyewe. Andika barua ama barua pepe ya kufunga akaunti ya kadi, ukitaja tarehe. Kisha dai barua ya benki inayosema hudaiwi kitu na akaunti imefungwa. Ukiwa nayo mkononi, kata kadi upendavyo. Piga barua hiyo picha na uitunze pamoja na vyeti vyako. Baada ya miezi michache, omba ripoti ya CRB uhakikishe.

Mwalimu alifanya hivyo, ingawa kwa kuchelewa. Aliandika kwa benki, akaonyesha kwamba kadi haikutumika miaka hiyo yote, faini nyingi zikafutwa, akalipa kilichobaki na akapewa barua. Karo ya muhula huo aliokolewa na shemeji yake.

Basi Jumamosi ijayo ukikutana na yule kijana mwenye fulana, msalimie vizuri. Chukua karatasi yake, ikunje, itie mfukoni. Mwambie utampigia ukishajua siku yako ya kulipa ni ipi.